Kumheshimu Mzazi Mazishi Yakiisha

Ujumbe wa ibada ya Jumapili, umefupishwa kwa ajili ya msomaji
Maandiko: 2 Samweli 9:1-13, 2 Samweli 18:18, Marko 7:9-13, Mhubiri 5:4-5



Leo nataka kusema na watu waliozika mzazi. Najua mko wengi. Huku kwetu Nyeri hakuna wiki inapita bila hema kusimamishwa mahali, iwe Othaya, iwe Mukurwe-ini, iwe hapa King'ong'o. Tunajua kuzika. Kamati inakaa jioni saba, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, nambari ya paybill inatumwa, kitabu cha programu kinachapishwa kikiwa na picha za rangi. Siku ya mazishi watoto wanavaa sare, wajukuu wanasoma, mkubwa wa boma anatoa shukrani. Halafu hema linang'olewa, viti vinarudishwa, na kila mtu anapanda matatu yake.

Swali langu ni hili: amri ya kumheshimu baba na mama inaisha siku hiyo? Ukisoma Kutoka 20:12, Mungu hakuweka pale mwisho wa amri. Hakusema heshima iishe mzazi akilala. Basi mtu ambaye mama yake yuko chini ya udongo, atamheshimu vipi?

Siku hizi jibu moja limeenea, na ni jibu zuri. Familia inasema, "Tutaanzisha mfuko wa masomo kwa jina la mama. Tutasomesha mtoto." Nimelisikia katika mazishi mengi. Mimi mwenyewe nimelisema. Na kwa sababu mimi mwenyewe nimelisema, naomba leo nihubiri kama mtu aliyeteleza, sio kama mtu anayejua sana.

Nilivyomfanya mama yangu kuwa mdeni

Mama yangu alikuwa na miti mia nne hivi ya chai na kipande cha viazi. Siku za soko alibeba ndizi mpaka Karatina. Tulikuwa watoto watano, na karo yetu ilitoka kwa mikono ile. Jambo moja mnifahamu kuhusu mama: hakupenda deni. Akichukua sukari dukani Jumatatu, Ijumaa amelipa. Alikuwa akisema deni linamfanya mtu apite njia ya nyuma akienda kanisani.

Alipolala, nilisimama mbele ya umati, na nikiwa nimejaa machozi nikatangaza: sisi watoto wake tutasomesha msichana mmoja wa kijiji hiki, kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa jina la mama. Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema haleluya. Msichana akapatikana, yatima, anaishi na nyanya yake, alama zake nzuri. Tukanunua sanduku, godoro, sare. Tukapigwa picha.

Mwaka wa kwanza tulilipa. Mwaka wa pili mmoja wetu akasema biashara imeanguka. Mwingine akanyamaza tu. Mimi nilikuwa nimechukua mkopo wa gari, nikasema Mungu atafungua mlango. Wapendwa, Mungu alikuwa ameshafungua mlango. Ni mimi nilikuwa nimeegesha gari mbele yake.

Muhula wa pili, siku ya Jumanne, nikakutana na yule msichana kwenye steji, amekaa juu ya sanduku lake. Akasimama. "Bwana asifiwe, pasta."

Nikamwuliza, "Mbona uko hapa? Shule zimefungwa?"

"Hapana. Nimetumwa karo." Akaangalia chini, halafu akasema, "Nilimwambia mwalimu angoje, kwa sababu ni pesa ya cucu."

Pesa ya cucu. Hakuwahi kuita mfuko ule kwa jina tulilochapisha. Kwake ilikuwa pesa ya cucu, yaani mama yangu.

Kesho yake nilienda shuleni. Karani akafungua daftari, akageuza ili nione. Palikuwa na mstari wa jina la mwanafunzi, na chini yake mstari wa mfadhili. Pale paliandikwa jina la mama yangu, majina yote matatu. Na mbele ya jina lake: baki, shilingi 18,400.

Wapendwa, mama ambaye hakudaiwa hata pakiti ya sukari, alikuwa anadaiwa. Na hakuwepo wa kujitetea. Nilikuwa nimechukua jina lake safi, nikaliandika kwenye ahadi yangu, halafu ahadi nikaiacha njiani. Waswahili husema ahadi ni deni. Mimi nilikopa kwa jina la marehemu.

Mhubiri 5 inasema wazi kwamba ni heri mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka na asiiondoe. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara nyingi. Siku ile ndiyo ilinihubiria.

1. Daudi alitafuta mtu, hakutafuta makofi

Twende 2 Samweli 9. Yonathani alikuwa amekufa muda mrefu, ameanguka vitani pamoja na baba yake. Daudi sasa ni mfalme, ametulia. Angeweza kusema, "Nilishamlilia Yonathani, hata nikamtungia maombolezo." Lakini anauliza kama kuna yeyote aliyebaki katika nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema kwa sababu ya Yonathani. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na ahadi kati yao. Iko 1 Samweli 20. Yonathani alimwomba asiondoe wema wake katika nyumba yake milele.

Anapatikana Mefiboshethi. Huyu ni mtoto aliyeangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano, siku habari za vita zilipofika, akalemaa miguu. Anaishi Lo-debari, kwa nyumba ya watu, anaogopa. Daudi anamrudishia mashamba ya babu yake, anapanga nani atalima na nani atavuna, na anampa kiti mezani pake siku zote.

Angalia vile alivyofanya. Kwanza aliuliza. Alitafuta habari kwa mtu anayejua boma lile, Siba. Wengi wetu tunaanzisha mfuko na kumpa mtoto wa rafiki wa mwenyekiti. Pili, alitaja jambo linalopimika: shamba hili, watu hawa wa kulilima, chakula hiki. Tatu, hakusema "mara moja moja tukijaliwa." Ilikuwa siku zote.

Na angalia tena: Mefiboshethi hakuwa na lolote la kumlipa Daudi, na Yonathani hangeamka kusema asante. Hapo ndipo utajua kama ni heshima au ni matangazo.

Niseme pia neno kwa mtu ambaye mzazi wake hakuwa mwema. Baba alikunywa, alipiga, alikimbia. Kumbuka Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa Sauli, na Sauli alimwinda Daudi miaka mingi kwa mkuki. Daudi hakusema Sauli alikuwa mtu mzuri. Alikataa tu ubaya wa Sauli uamue kitakachompata mtoto. Ndugu, kama baba yako hakulipa karo yako, unaweza kulipa ya mtoto mwingine na kukata mnyororo huo hapo. Hiyo nayo ni heshima, na Mungu anaiona.

2. Absalomu alijenga nguzo

Katika kitabu hicho hicho, sura ya 18 mstari wa 18, kuna mtu mwingine aliyefikiria kumbukumbu. Absalomu alijisimamishia nguzo katika bonde la mfalme, akaiita kwa jina lake, kwa sababu aliona hana mtoto wa kulikumbusha jina lake. Nguzo ilibaki. Lakini ukisoma juu yake unasikitika tu.

Mimi sikatai kaburi kujengwa. Kama mna uwezo, jengeni, wekeni vigae, andikeni majina. Lakini sisi watu wa huku tunajua siri nyingine ya kukumbuka. Mtoto akizaliwa, anapewa jina la guka au la cucu. Hatuandiki jina kwenye jiwe tu, tunalitia katika mwili wa mtoto anayekimbia na kucheka. Ukienda boma fulani, unasikia mama mkwe aliyelala miaka ishirini iliyopita anaitwa aje kula uji.

Mfuko wa masomo ni desturi hiyo hiyo, imepanuliwa tu. Unampa jina la mzazi wako mtoto ambaye si wa damu yako. Lakini ukishampa mtoto jina, huwezi kumwacha barabarani. Mnanifuata?

Niwape mfano wa karibu. Profesa Wangari Maathai hakuwa wa dhehebu letu, lakini ni binti wa hapa. Alizaliwa 1940 Ihithe, hapo Tetu. Alianza shule kwa sababu kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kumzuia. Akasoma Ihithe, akaja Mathari, akaenda Loreto Limuru. Na 1960 akapanda ndege kwenda kusoma chuo Kansas, Marekani, akiwa kati ya vijana karibu mia tatu wa Kenya walioondoka mwaka huo katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya.

Nani alisaidia kulipia ndege hizo? Kulikuwa na familia huko Marekani, familia ya Kennedy. Mtoto wao wa kwanza, Joseph, rubani, alikufa vitani 1944. Mwaka wa 1946 wazazi wake wakaanzisha mfuko kwa jina lake. Na 1960 mfuko huo ndio uliotoa dola 100,000 kwa safari za wanafunzi wale. Wazazi wale walikuwa wanaomboleza mtoto wao. Ihithe hawakuijua. Lakini machozi yao, yakiwa yamepangwa vizuri na kutunzwa miaka kumi na minne, yalifika Tetu. Binti yule akarudi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, 1971. Akaanzisha Green Belt Movement 1977, akapewa tuzo ya Nobel ya Amani 2004.

Alipofariki Septemba 2011, alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Walimheshimu: jeneza likatengenezwa kwa mianzi na magugumaji. Na binti yake Wanjira ameendelea na kazi ya mama, kupitia wakfu wenye jina la mama, akiwafikiria watoto na vijana. Mfuko ulioanza kwa kumbukumbu ya marehemu ulimbeba msichana wa Nyeri, na sasa jina la msichana huyo linabeba wengine. Ninyi mnaosema shilingi elfu mbili zenu ni kidogo, msidharau. Hamjui itafika wapi.

3. Heshima isiwe kisingizio

Hapa nitasema polepole, kwa maana hapa ndipo panauma.

Katika Marko 7, Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Walitumia neno takatifu kukwepa amri takatifu. Hata mfuko wa masomo unaweza kuwa korbani. Vipi?

Mtu anazindua mfuko kwa jina la baba, na bili ya hospitali ya baba amemwachia dada yake ambaye hana kazi. Mtu anasomesha mtoto wa mbali ili asifiwe, na mtoto wa marehemu ndugu yake, hapo ng'ambo ya ua, amekaa nyumbani. Mtu anataja jina la baba madhabahuni, na wiki hiyo hiyo yuko kortini kwenye kesi ya urithi akitaka kumtoa mama wa kambo katika shamba. Ndugu yangu, maliza hayo kwanza. Lipa deni la mzazi, patana na ndugu zako, mpe mjane haki yake. Halafu njoo na mfuko wako, tutaombea pamoja.

Na tusichanganye mafundisho. Hatusomeshi mtoto ili tumnunulie marehemu nafasi mbinguni. Hiyo imelipwa kwa damu ya Yesu, na hakuna hundi inayoongeza kitu. Hatumlishi marehemu wala hatumtulizi. Tunatenda mema kwa sababu tulitendewa mema, basi.

Tulivyotengeneza

Labda unauliza yule msichana ilikuwaje. Jumamosi ile nikawaita ndugu zangu nyumbani kwa mama. Nikaweka karatasi ya karani mezani. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Tulikuwa na pesa tuliyoweka kando ya kujenga kaburi kwa vigae. Ndugu yangu akasema, "Majirani watasema hatukumjengea mama." Dada yetu mkubwa akajibu, "Afadhali waseme hivyo kuliko shule iseme mama hajalipa."

Jumatatu tukalipa ile 18,400. Nikamwomba msichana msamaha, na nyanya yake. Nyanya akaniambia, "Pasta, wakati mwingine sema mapema. Tungejipanga." Neno hilo nimelihifadhi. Mtu unayemsaidia ana haki ya kujua ukweli wa mfuko wako.

Halafu tukaandika upya. Bonasi ya chai ya miti ya mama haigawanywi tena. Ikija mwisho wa mwaka, inaingia akaunti ya mfuko na kungoja Januari. Pengo linalobaki tunagawana watano, na kila mmoja aliandika kiasi anachoweza kweli, si kile kinachopigiwa makofi. Sahihi tatu ndizo zinatoa pesa, na yangu haimo. Msichana alimaliza kidato cha nne. Kaburi la mama bado lina maua tu na msalaba wa mbao, na mimi nikipita hapo siku hizi sipiti njia ya nyuma.

Kwa familia inayotaka kuanza

Kama Roho anasema nawe juu ya jambo hili, shika haya machache:

1. Msitangaze siku ya mazishi. Siku hiyo machozi ndiyo yanahesabu pesa. Ngojeni miezi miwili mitatu, mkae, mwombe, mhesabu.

2. Afadhali mtoto mmoja mpaka amalize kuliko kumi wa muhula mmoja. Hesabuni karo yote ya miaka yote, pamoja na sare, nauli na mahitaji ya msichana ya kila mwezi.

3. Tafuteni chanzo kisichotegemea hisia: miti ya chai, kahawa, kodi ya chumba, hisa za sacco.

4. Wekeni angalau karo ya mwaka mmoja kabla ya kumwambia mtoto neno lolote.

5. Lipeni moja kwa moja shuleni, mchukue risiti. Kila mwaka ndugu wote waone hesabu.

6. Wachaguaji wasiwe na mtoto wao kwenye orodha. Mwulizeni mwalimu, chifu na wazee wa kanisa, kama Daudi alivyomwuliza Siba.

7. Mlindeni mtoto. Asiitwe kila sherehe kusimama na kushukuru. Mefiboshethi alikaa mezani kama wana wa mfalme, miguu yake ikiwa chini ya meza kama ya wengine.

Na kama mzazi yuko hai

Kuna mwana wa Kiambu, Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato. Karo yake ililipwa na mwalimu mmoja wa Uswidi, Hilde Back, mwanamke ambaye hawakuwa wamewahi kuonana. Mburu alisoma mpaka Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2001 akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto wa kwao na kuuita kwa jina la mama yule, akiwa bado hai. Akamtafuta, akaja Kenya, akawaona watoto kwa macho yake.

Kwa hivyo wewe ambaye mama yako yuko Kieni au Mathira, anangoja simu yako, usingoje kitabu cha programu. Mpigie leo ukitoka hapa. Mwulize, "Mama, kuna mtoto gani hapo kijijini unayemwonea huruma?" Atakuambia jina. Mlipie akiwa anaona.

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa wazazi uliotupa, waliolala na walio hai. Utusamehe ahadi tulizotoa mbele ya watu na kuziacha njiani. Yupo hapa mtu mwenye nadhiri aliyoiweka kaburini na hajaiondoa: mpe ujasiri wa kurudi shuleni, kwa mtoto, kwa ndugu zake. Wapatanishe wanaogombania shamba. Mkumbuke mtoto aliyekaa juu ya sanduku lake kwenye steji leo, na umtume mmoja wetu apite hapo. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni ahadi gani familia yetu ilitoa kwa jina la marehemu na haijatimizwa? Nani atachukua hatua ya kwanza?
2. Soma 2 Samweli 9 yote. Orodhesha mambo yote ambayo Daudi alimpangia Mefiboshethi. Lipi tunalisahau tunaposaidia watu?
3. Je, kuna deni, ugomvi au mjane katika boma letu ambaye anafaa kushughulikiwa kabla ya mfuko wowote?
4. Taja mtoto mmoja katika mtaa wenu aliyetumwa karo muhula huu. Kikundi chenu kitafanya nini?